Kipande changu cha Pittenweem

Mama yangu hakuwa na neno hata moja la Kiingereza siku aliyoteremka bandarini Pittenweem kwa mara ya kwanza, Oktoba 1979. Samaki lakini alikuwa anamjua. Alikwenda moja kwa moja penye makasha, akamwinua hadoki mmoja, akamfunua shavu kuangalia kama matamvua bado mekundu, akambonyeza ubavuni, akamnusa, akamrudisha. Wa pili naye akamrudisha. Wa tatu ndiye aliyefaulu. Mvuvi mwenye makasha alikuwa anamtazama na sigara mdomoni, na alipoona mama ameinamia kasha jingine akaitoa ile sigara, akasema kitu, wenzake wakacheka. Nilikuwa na miaka mitano, nimeng'ang'ania pindo la koti la mama, nikajua tunafukuzwa. Kumbe alikuwa anasema kwamba hatimaye amekuja mtu ambaye hawezi kuuziwa samaki wa jana. Tulirudi nyumbani na wanne ndani ya gazeti, na pesa hakupokea.

Pittenweem ni kijiji cha wavuvi katika Fife, pwani ya mashariki ya Uskoti, kwenye ile pembe ya nchi wanayoiita East Neuk. Baba alipata nafasi ya kusomea viumbe vya baharini katika chuo kikuu cha St Andrews, ambacho kipo tangu 1413, na kodi za nyumba za mjini pale zikamshinda. Ndipo tukaangukia kijijini, safari ya basi kila siku kwa baba, maana treni ya abiria waliiondoa mwaka 1965. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mtu anayesomea samaki na mtu anayewajua, na hakuna aliyewachanganya.

Sisi ni watu wa Pangani. Mama alipoviona vile vichochoro vyembamba vinavyoshuka kutoka barabara ya juu hadi bandarini, wenyewe wanaviita wynd, alisema hapa pamejengwa na watu wenye akili kama za kwetu, upepo usikupige na jirani usimkose. Nyumba zimeshikana mabega, mapaa ya vigae vyekundu, kuta za mwisho zimepandishwa ngazi ngazi hadi kileleni kama vile paka ndiye aliyekusudiwa kupanda. Ukutani mwa nyumba za chini wamepanga madema ya kunasia kaa na kambakoche. Dema! Yametengenezwa kwa fito na wavu wa kamba badala ya matete, lakini mlango ni ule ule, wa kuingilia bila kutokea. Mama aliligusa la kwanza kama mtu aliyekutana na ndugu stendi.

Alichokitaka zaidi bandarini kilikuwa vichwa. Pale vichwa vya samaki vilikuwa vya paka na vya chambo, wakampa bure, ndoo nzima, wakidhani tuna paka wengi. Tui alilipata kwa ujanja: dukani kulikuwa na nazi iliyokaushwa ya pakiti, ile wanayotia kwenye keki, akawa anailoweka katika maji ya moto na kuikamua kwa kitambaa. Mwenye duka akaeneza habari kwamba yule mama Mwafrika anaoka keki kupita kiasi.

Aliyegundua ukweli alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, bibi aliyekwisha kupita miaka 70, ambaye nyumbani tulimwita Bi Mlango. Siku moja alisukuma mlango bila kubisha, kama walivyokuwa wakifanya wote pale, akafuata harufu hadi jikoni, akafunua sufuria. Vichwa vitatu vya hadoki vikamkodolea macho ndani ya mchuzi wa nazi. Nikangoja apige kelele. Akavuta kiti akakaa. Mama yake mwenyewe, alisema, alikuwa akipika vichwa, akivishindilia unga wa shayiri na maini ya samaki, na yeye alikuwa hajavila tangu amzike. Alikula mpaka akanyonya mifupa ya mashavu, na mtu anayenyonya mifupa ya mashavu mama hahitaji maelezo mengine juu yake.

Bi Mlango ujanani alikuwa mmoja wa wale wasichana wa heringi. Samaki hao walikuwa wakishuka pwani kwa msimu, na wasichana wakiwafuata kwa meli na treni kutoka bandari hadi bandari, tangu Shetland huko juu hadi Great Yarmouth Uingereza. Walifanya kazi watatu watatu: wawili wanapasua, mmoja anapanga kwenye pipa pamoja na chumvi. Mwenye mkono mwepesi alipasua hadi samaki 60 kwa dakika moja. Vidole walivifunga kwa vitambaa, kwa sababu kisu kikikukata na chumvi ikaingia, kidonda hakifungi msimu mzima. Alituonyesha makovu, meupe, membamba, yamepangana kama mistari ya daftari. Baadaye alipokuwa anakuja kumsaidia mama kusafisha samaki wa Jumamosi, mama alichana kanga kuukuu, akamfunga vidole kimoja kimoja, kisha akanyoosha vyake naye afungwe. Walikuwa wakikaa hivyo uani, ndoo katikati, kila mmoja anaongea lugha yake, na kwa sauti walizotumia ungesema wanagombana.

Kiskoti cha pale ndicho kilichotupa taabu kwanza na raha baadaye. Wanawake wakikupenda wanakuita hen. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka minane na tayari ameanza kujua Kiingereza cha vitabu, akamtafsiria mama: "Wanakuita kuku." Mama alikaa siku mbili haendi dukani. Mtoto kwao ni bairn, kujua ni ken, na ken wanaitupia mwishoni mwa kila sentensi kama sisi tunavyotupia "eti". Mimi nilijaa maneno hayo ndani ya miezi michache. Shuleni yakanitia matatani. Mwalimu mmoja alituandikia tuache kusema Kiswahili nyumbani, kwamba kinanichanganya kichwa. Baba, msomi, alikubali kwa muda. Mama alisema mwanawe hawezi kuja kumzika kwa lugha asiyoielewa maiti, na mjadala ukaishia hapo. Lakini nilichokiona mwenyewe darasani ni kwamba wenzangu nao walikuwa wakikatazwa. Mvulana mtoto wa mvuvi akijibu "aye" anaambiwa aseme "yes", akisema "ken" anasahihishwa mbele za watu. Hivyo nilikuwa na lugha mbili za haramu na wao moja, na uwanjani wakati wa mapumziko hakuna aliyezungumza ile ya halali. Mpaka leo mtu akiniambia kwamba aibu ya lugha ya mama ni ugonjwa wa Waafrika peke yao namwuliza kama amewahi kukaa darasa la tatu Fife.

Sisemi kila kitu kilikuwa sukari. Msichana mmoja alinisugua mkono kwa kifutio aone kama rangi itatoka. Kulikuwa na jina nililoitwa ambalo silirudii hapa. Haya nayo yalikuwa kijijini hapo hapo, kichochoro kile kile.

Kama nikiulizwa kilichotufanya watu wa pale, sitataja ukarimu, ingawa ulikuwepo. Nitataja kazi. Pittenweem hawakuwa watu wa kukukumbatia. Hata shukrani wanaitoa kwa kutazama pembeni. Wakishakuzoea wanakupa jambo la kufanya, na ole wako usilifanye.

Yangu ya kwanza ilianza na kitendawili. Mwisho wa Oktoba watoto walikuwa wakijipaka masizi, wakivaa makoti ya baba zao, wakipita mlango hadi mlango na taa za tanipu. Tanipu ni gumu kama jiwe. Unalichimba kwa kijiko siku mbili mpaka kiganja kinatoka malengelenge, na mshumaa ukiwaka ndani linatoa harufu ya mboga inayoungua ambayo nikiikumbuka nasikia baridi. Lakini peremende hupewi hivi hivi. Lazima ufanye kitu: uimbe, usome shairi, utoe kichekesho. Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye mlango wa Bi Mlango, watu wamejaa sebuleni, na ulimi ukaganda. Kilichonitoka ni Kiswahili: "Kitendawili!" Kimya. Kaka yangu nyuma yangu, kwa kuona aibu, akajibu, "Tega!" Nikasema nyumba yangu haina mlango, kaka akawatafsiria, wakaanza kubahatisha. Kaburi, alisema mzee mmoja. Mashua, alisema mwingine. Nilipowaambia ni yai, Bi Mlango alipiga goti lake kwa kofi. Mwaka uliofuata nilijaribu kuimba wimbo tuliofundishwa shule, wakanikatiza: kitendawili kiko wapi? Ikawa ndiyo kazi yangu. Mama akawa ananiwekea akiba ya vitendawili tangu Agosti, na kufikia 1985 watoto wa kichochoro chetu walikuwa wakisikia "Kitendawili!" wanapaza sauti "Tega!" kwa lafudhi ambayo bibi yangu wa Pangani angeomba irudiwe.

Kazi ya pili ilikuwa ya viazi. Kule Oktoba shule hufungwa, na likizo ile iliitwa ya viazi kwa sababu ndiyo kazi yenyewe: watoto walikwenda mashambani kuokota. Asubuhi bado giza, tumevaa mabuti ya mpira, tunapakiwa kwenye trela la trekta. Mkulima anatembea pembeni ya matuta akihesabu hatua, kila baada ya hatua kadhaa anachomeka kijiti, na kutoka kijiti hiki hadi kile ni chako. Wanaiita bit. Trekta linapita na mashine inayopasua tuta, viazi vinaruka na udongo, nawe uviokote vyote kwenye kikapu kabla halijarudi. Usipomaliza, viazi vya mzunguko wa pili vinaangukia juu ya vya kwanza na shamba zima linajua bit ya nani ndiyo inayochelewesha. Mimi na kaka tuligawana moja, kwa umri wetu. Ikifika saa sita mgongo umekuwa wa mzee, kucha zimejaa udongo mwekundu, vidole havina habari.

Siku hizo hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala kama ngozi yangu inatoka. Swali lilikuwa moja, umesafisha bit yako au hujasafisha. Yule msichana wa kifutio alikuwa bit ya jirani. Siku ya tatu alizidiwa, trekta linageuka kule mwisho, na mimi na kaka tulikuwa tumemaliza. Tukavuka kijiti tukamwokotea. Hakusema asante. Kesho yake asubuhi, trela limejaa, alisogea akanipa nafasi ya kukaa, na miaka iliyobaki tulikuwa tunakwenda shule pamoja.

Nilimwandikia babu yangu barua kuhusu viazi. Babu alikata mkonge katika mashamba ya Tanga tangu enzi za mkoloni, siku 30 za kazi kwa kila kadi, na kadi hiyo iliitwa kipande. Siku ambayo hukumaliza kazi haikuandikwa. Jibu lake lilifika baada ya miezi miwili, karatasi nusu: "Mjukuu wangu, kumbe huko Ulaya nako kuna kipande. Mshahara wanatoa siku gani?" Nilimjibu kwa fahari kwamba tunalipwa jioni ile ile, taslimu mkononi. Baba aliniambia babu alizunguka na barua hiyo mtaa mzima.

Barua za nyumbani miaka ile zilikuwa na mambo mazito kuliko viazi. Kati ya 1981 na 1984 madukani Tanzania hakuna kitu, na kila barua ilimalizika kwa sabuni: ukipata mtu anayekuja, mpe sabuni, mpe dawa ya meno, mpe betri. Mama alikuwa akifunga vifurushi juu ya meza ya jikoni. Bi Mlango akauliza, akaelezwa, akasema wakati wa vita wao pia walipimiwa sabuni kwa kuponi. Basi. Hakuongeza neno. Tangu wiki ile kila Ijumaa, siku yake ya kuchukua pensheni, tulikuta mche wa sabuni juu ya dirisha letu la nje, umefungwa kwa karatasi ya mkate. Mama alijaribu kumlipa mara moja tu. Alitazamwa kwa namna ambayo hakurudia.

Wavuvi nao walikuwa na miiko yao, na hapa nilijitungia elimu ya dini. Mashuani hutaji nguruwe, hutaji mchungaji wa kanisa, wala samoni humtaji kwa jina. Aliyeteleza ulimi lazima aguse chuma baridi haraka. Mimi, ninayetoka nyumba ambayo mnyama huyo hatajwi wala haliwi, nikajumlisha moja na moja, nikamtangazia baba kwamba wavuvi wote wa Pittenweem ni Waislamu ila wanaficha. Baba alicheka hadi akavua miwani.

Waislamu tulikuwa sisi wanne tu. Ramadhani ya 1983 iliangukia Juni, na Juni ya kule jua linatua karibu saa nne usiku, na hata likizama mwanga haukatiki upande wa kaskazini, unabaki kama taa iliyosahauliwa barazani. Wakubwa walifunga zaidi ya saa 18. Siku nyingine haar inaingia, ule ukungu mzito wa bahari unaopanda ghafla hata kama mchana ulikuwa wa joto, usione ng'ambo ya gati, na honi ya kuonya meli ya Kisiwa cha May inalia mbali kama ng'ombe aliyepotea. Jua hulioni, unafungua kwa jedwali baba alilopewa na wenzake wa mji wa Dundee. Bi Mlango, ambaye kwa kawaida analala saa tatu, alikuwa akikaa macho mwezi ule kwa ajili ya jedwali hilo. Saa ikitimia tunasikia kijiko kikigonga ukuta wa pamoja, mara tatu. Sijui nani alimwambia kwamba tunahitaji kuamshwa kula. Lakini hatukuwahi kufungua kabla ya kile kijiko.

Kazi ya baba ilikuwa ya usiku wa kuamkia mwaka mpya, na ndiyo iliyoleta maneno nyumbani. Waskoti wanaamini mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye anayeamua bahati ya mwaka. Awe mwanamume, mrefu, wa nywele nyeusi. Mwenye nywele nyekundu ni nuksi. Aje na kipande cha makaa ya mawe mkononi ili moto usikose ndani. Baba ni mrefu na ni mweusi kuanzia unywele hadi kisigino. Mwisho wa 1980 walikuja wazee wawili, kofia mikononi, kumwomba. Baba alihisi anadhihakiwa na akawaambia atafikiri. Mama ndiye aliyetoa hukumu wakishaondoka: "Ajabu yao. Weusi wako wewe ni dawa, wa mwanao shuleni ni uchafu wa kufutwa." Kisha baada ya kimya kirefu: "Nenda. Bora wazoee kuufungulia mlango."

Alikwenda. Alianza na nyumba mbili, na mwaka wa mwisho zilifika kumi na moja, kwa zamu iliyoandikwa kwenye karatasi maana watu walianza kugombana. Kila nyumba alitoa kipande cha makaa, akapokea biskuti za siagi na glasi ya wiski ambayo aliishika kwa adabu na kuirudisha mezani kama alivyopewa. Wakajifunza kumpa chai. Usiku wa kuingia 1985 alizunguka kama kawaida, lakini makaa hayakuwa mzaha tena. Wachimba makaa wa Fife walikuwa katika mgomo tangu Machi, na upande wa Buckhaven watu waliokota yale yanayotupwa na bahari ufukweni. Katika nyumba moja mwanamke aliyekipokea kile kipande hakukitia motoni. Alikifunga kwenye kitambaa akakiweka juu ya kabati. Baba alitusimulia asubuhi, tumekaa tunakula biskuti zake, na alikuwa amesahau kuvua koti.

Tuliondoka Julai 1986, mimi nina miaka 12. Kwenye kituo cha basi hakuna aliyelia. Yule mvuvi wa siku ya kwanza alileta hadoki wanne wa kukaushwa kwa moshi, mama akawageuza mmoja mmoja, akawanusa, akamrudishia mmoja. Ndipo wakacheka wote. Bi Mlango alimpa mama vile vitambaa vya kanga, vimefuliwa na kupigwa pasi.

Baba sasa amepita miaka 80 na wanaishi Ngamiani, Tanga. Kila tarehe 31 Desemba, saa sita kasorobo usiku, hutoka kwa mlango wa uani na kipande cha mkaa mfukoni, wa mti, maana ya mawe hatuna, huzunguka nyumba, na fataki zikianza hugonga mlango wake mwenyewe wa mbele. Mama humwacha asubiri kidogo. Majirani wapya wanaamini mzee ana mambo yake. Mwaka juzi mama mmoja wa nyumba ya tatu alimvuta mama pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile dawa ya mzee inauzwa. Mama akamwambia haiuzwi, ila aandae biskuti za siagi.